Virginia, Burley, ya Kiingereza ama Aromatiki: Ni Tumbaku Gani ya Kiko Itakufaa Ukiwa Nairobi

Kila mtu mpya akiingia kwa mambo ya kiko, swali ni lile lile, ati nimeona makopo manne, pesa iko ya moja, nichukue gani? Na majibu pia ni yale yale, kila mtu anasifia ile anavuta yeye, huyu anaapa kama hujaonja Latakia, ile tumbaku ya kufukizwa na moshi, hujavuta kitu, mwingine anasema Latakia ni moshi wa jikoni tu, wa tatu anasema anza na ya vanila halafu utapanda ngazi polepole, na yule maskini aliyeuliza anaishia kununua kopo lenye picha poa ya meli. Mimi naona shida iko hapo kwa kuuliza ipi ndio bora. Hizi tumbaku hazishindani. Kila moja iko na mdomo wake na saa yake, na hapa kwetu naongeza, iko na nyumba yake, manake kuvutia kwa fleti ya Kileleshwa balkoni ikiangaliana na ya jirani si sawa na kuvutia nyuma ya nyumba huko Kitengela upepo ukipeleka moshi kwa mbuzi.

Kabla twende mbali, hii niitoe njiani. Hakuna tumbaku salama. Ya kiko inaleta kansa ya mdomo, ya koo na ya mapafu, na nikotini inakushika hata kama humezi moshi, inapitia ngozi ya ndani ya mdomo. Kama huvuti, hakuna kitu hapa cha kukufanya uanze, na kama uko chini ya miaka 18 sheria inakataa uuziwe, imeisha hiyo. Haya ni ya mtu mzima ambaye kiko tayari iko mkononi na angalau anataka ajue anaonja nini.

Tutapima na nini

Nimechagua vipimo sita na vyote vitapitia kila aina, ndio isiwe ni mambo ya kupendelea.

Cha kwanza ni kopo likifunguka, yaani harufu ya tumbaku kabla ya moto. Hii watu wanaiamini sana na ndio inadanganya kuliko zote. Cha pili ni mdomoni, ile ladha yenyewe. Hapa kuna kitu lazima uelewe: ulimi peke yake unajua vitu vichache, utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ile ladha ya supu nzito, hayo mengine yote tunaita ladha ni kazi ya pua. Kwa hivyo ukitaka kuonja kiko unavuta kidogo sana, moshi unabaki mdomoni bila kuupeleka kifuani, halafu unaachilia kiasi kidogo upitie puani ukitoka. Kidogo nimesema. Ukiutoa wote kwa pua siku ya kwanza machozi yatakutoka na hutaonja chochote mpaka jioni.

Cha tatu ni moto na ulimi: inawaka vizuri ama inazima zima, na inakuchoma ulimi ama inakuhurumia. Cha nne ni nguvu, nikotini hiyo. Cha tano nimekiita majirani na kiko, kwa sababu moshi unabaki mahali pawili, kwa hewa ya watu na ndani ya mbao ya kiko yako. Cha sita, nani atapenda.

Na mtihani uwe wa haki. Onja zote saa moja ya siku, kabla ya kula chakula kizito, na turungi bila sukari kando ama maji tu. Usipime ya kwanza kwa kiko kizuri cha briar, yaani cha mbao, halafu ya pili kwa kiko cha kuazima. Chukua viko vya gunzi la mahindi, ni bei ya chini na havikuwekei harufu ya ajabu, kuna kampuni inaitwa Missouri Meerschaum huko Washington, jimbo la Missouri, imevitengeneza tangu 1869 na bado ndio wasee wengi wanaanza navyo. Jaza kwa mafungu matatu, la chini ushindilie kwa mkono wa mtoto, la kati mkono wa mama, la juu mkono wa baba. Washa mara ya kwanza tumbaku ivimbe, ishindilie polepole, washa tena. Sasa twende.

Virginia

Hii ndio mama wa blendi nyingi sana, yaani michanganyiko ya tumbaku, hata zile zinajiita majina mengine ukichungulia ndani utaipata. Wakulima wa huku Afrika Mashariki wanaijua kama tumbaku ya mvuke, Urambo na Tabora huko Tanzania wanaikuza kwa wingi, na kwetu Kenya iko Migori upande wa Kuria. Jani linaning'inizwa ndani ya bani, kile kibanda cha kukaushia, moto unapita kwa mabomba na moshi wenyewe haugusi jani, kwa karibu wiki moja wanga wa jani unageuka sukari halafu joto linapandishwa ile sukari inafungiwa hapo hapo. Hiyo sukari ndio siri yake na ndio pia kesi yake.

Kopo likifunguka: nyasi kavu, kama iko na siku nyingi inaanza kunukia zabibu kavu na siki kidogo. Si harufu ya kukufanya uruke. Wengi wananusa wanarudisha kwa rafu.

Mdomoni: ile ya manjano inakuja na limau, nyasi, asali nyepesi. Ile nyekundu iko na mkate uliotoka kwa oveni, matunda makavu, wakati mwingine viungo kidogo. Lakini haikupi haya yote ukivuta kwa kasi, inakupa moto tu. Ladha ya Virginia inaonekana pale kiko iko karibu kuzima, pumzi ndogo, moshi mwembamba hata huuoni vizuri, hapo ndio utamu unakuja na wewe mwenyewe unajua hapana mtu aliongeza sukari.

Moto na ulimi: hapa ndio watu wanakatia tamaa. Sukari inawaka moto sana ukipuliza haraka na ulimi unakuwa kama umekunywa chai ikitoka jikoni. Na nyingi zinauzwa kama fleki, yaani majani yameshindiliwa mpaka yakawa tofali halafu yakakatwa vipande bapa, na zinatoka kwa kopo zikiwa na unyevu mwingi. Full Virginia Flake ya Samuel Gawith wa Kendal kule Uingereza, kampuni ya tangu 1792, inajulikana kwa hiyo. Ukiichukua kipande kwa vidole kinalala, kinapinda katikati, kizito na cheusi cheusi, ukikibonyeza kinabaki na alama ya kidole. Hiyo bado. Iweke juu ya gazeti kwa meza, mbali na jua, uende ukafanye kazi zako, urudi kila baada ya muda uangalie kingo. Kingo zikianza kujikunja na kipande kikisimama chenyewe bila kulala, kivunje katikati ya viganja usugue mpaka kiwe nyuzi nyuzi, ukibana hizo nyuzi zinashikana kidogo halafu zinaachana. Hapo iko tayari. Ikikwaruza kama majani makavu umepitisha. Mimi ningesema nusu ya watu wanaolalamika Virginia inachoma hawajawahi kuikausha hata siku moja.

Nguvu: ya kati. Na moshi wake uko upande wa uchachu kwa hivyo mdomo hauchukui nikotini haraka sana.

Majirani na kiko: moshi wake ni wa kawaida, si manukato, si moto wa kuni, unaisha haraka. Kwa mbao haiachi kitu kikubwa.

Kuna ndugu yake wa kuangaliwa hapa hapa, ile Virginia iliyotiwa Perique. Perique inatoka sehemu moja ndogo, St. James Parish huko Louisiana, Marekani. Majani yanasindikwa ndani ya mapipa yaliyokuwa ya wiski, yanakandamizwa na jeki mpaka maji yao wenyewe yanatoka, yanachachuka humo, yanatolewa yanageuzwa yanarudishwa, safari nzima inachukua kama mwaka. Inawekwa kidogo tu kwa blendi. Inaleta plamu, ukwaju, na pilipili manga puani, hiyo ya puani hasa. Escudo ni mfano unaojulikana, iko kama sarafu, ukiona vile viduara vimepangwa ndani ya kopo hutaki hata kuvigusa. Kama Virginia peke yake umeiona imepooza, jaribu huyu kabla uhame mtaa.

Inafaa nani: mtu ako na subira, ako na saa nzima, anapenda kitu kinabadilika bakuli, pale tumbaku inakaa kwa kiko, likishuka. Pia mtu wa kuweka akiba, Virginia kwa mtungi wa kioo uliofungwa vizuri inazidi kuwa tamu miaka ikienda.

Burley

Hii haipewi heshima yake, na naona ni kwa sababu haijisifu. Majani yananing'inizwa kwa kibanda chenye hewa, bila moto, yanakauka yenyewe wiki kadhaa, na kwa huo muda wote jani linakula sukari yake mpaka karibu iishe. Ile Burley nyeupe ya leo ilianza 1864 huko Ohio, mkulima mmoja anaitwa George Webb alipoona miche yake imetoka na rangi iliyopauka akaendelea nayo tu. Siku hizi majirani zetu Malawi wanajulikana dunia nzima kwa hiyo.

Kopo likifunguka: mbao, karatasi, kakao kama imetiwa. Wakati mwingine hakuna kitu kabisa.

Mdomoni: njugu karanga za kukaanga, kakao isiyo na sukari, ardhi kavu. Haibadiliki sana kutoka juu ya bakuli mpaka chini, na kwa mtu anasoma ama anaandika hiyo ni sifa, hutaki tumbaku ya kukuita kila dakika.

Moto na ulimi: inasamehe. Inawaka polepole, inakubali mtu anayepuliza bila hesabu, na kwa kawaida haina ile kuchoma ya sukari. Ukiona Burley imekukwaruza koo ujue ama imekauka kupita kiasi ama umeijaza kama gunia.

Nguvu: hapa ndio uwe macho. Moshi wa Burley uko tofauti na wa Virginia, mdomo unachukua nikotini yake kwa urahisi, na kwa sababu haichomi unajikuta umevuta nyingi bila kujua, unainuka kwa kiti kichwa kinakwenda South B mwili umebaki South C. Ikikupata weka kiko chini, kaa, kunywa kitu chenye sukari, usiwe shujaa. Na ukiona kwa kopo wameandika Kentucky ama tumbaku ya moshi, ile jani linakaushwa juu ya moto wa kuni wenyewe, Songea wanaikuza, hiyo ni nguvu juu ya nguvu, si ya tumbo tupu.

Majirani na kiko: inanukia tumbaku, ile harufu ya babu. Wengine wanaipenda juu ya hiyo, wengine wanafunga dirisha. Kiko haipati madoa ya harufu.

Inafaa nani: mtu anataka kitu cha kila siku bila sherehe. Prince Albert na Carter Hall ndio zile za zamani za Marekani watu wanaanza nazo, Prince Albert iko tangu 1907 na mapishi hayana maringo. Mtu anaanza kuvuta kiko na bado mikono haijajua kujaza, hapa anajifunza bila kuumia.

Ya Kiingereza, yaani ile yenye Latakia

Sasa hii ndio inagawanya familia. Chini kuna Virginia, halafu kuna majani madogo madogo ya Mashariki ya kukaushwa juani, ya Uturuki na Ugiriki, halafu kuna Latakia ambayo ndio inaongea juu ya wote. Latakia ni jani la aina hiyo hiyo ya Mashariki lakini baada ya jua linaingizwa nyumba iliyofungwa na kufukizwa na moshi wa miti na vichaka vya huko, misonobari, mialoni na vingine vyenye utomvu wa kunukia, kwa wiki nyingi. Jina ni la mji wa bandari kule Syria, ingawa siku hizi unayoipata karibu yote ni ya Kupro.

Kopo likifunguka: ukiwa umekulia nyumba iliyokuwa na sotet, kile kibuyu cha maziwa ya mursik kinachopakwa jivu ndani, ama umepita Gikomba upande wa samaki wa kukaushwa kwa moshi, hii harufu hutaogopa. Wengine wanasema ngozi ya viatu vipya, wengine lami. Hakuna anayesema haina harufu.

Mdomoni: moshi wa kuni, ngozi, chai nyeusi nzito, na nyuma yake kama umetulia kuna utamu wa Virginia na uchachu mzuri wa yale majani ya Mashariki, ule unaofanya mate yatoke. Blendi mbaya ya Kiingereza ni Latakia tupu imekanyaga kila kitu. Nzuri inakuachia nafasi, unavuta unapata moshi, unavuta tena unapata ua, unavuta tena unapata mkate. Ukitaka kulinganisha mwanga na giza chukua Early Morning Pipe halafu Nightcap, zote zilikuwa za Dunhill, Dunhill wakaachana na tumbaku ya kiko 2018 na sasa zinauzwa kwa jina la Peterson.

Moto na ulimi: hapa wengi wanashangaa. Latakia inawaka baridi, haina sukari nyingi, haikuchomi. Mtu ambaye Virginia imemtoa ngozi ya ulimi anaweza hamia huku na apone.

Nguvu: kingine cha kushangaza, ile rangi nyeusi ya kutisha si nguvu. Latakia yenyewe ni nyepesi kwa nikotini, nguvu ya blendi inatoka kwa vile vingine vilivyochanganywa nayo, na ndio maana Early Morning Pipe inaitwa ya asubuhi na Nightcap, ambayo iko na Perique ndani na mambo mazito, unaiwekea usiku ukiwa umekula. Kwa hivyo soma kopo, usiangalie rangi.

Majirani na kiko: hii ndio kesi yenyewe. Rafiki yangu mmoja wa fleti za Umoja aliwasha bakuli kwa balkoni saa mbili usiku, kabla lifike katikati mama wa floo ya juu ametoa kichwa nje.

"Kijana, kuna waya inaungua huko kwako?"

"Hapana mama, ni tumbaku tu."

"Tumbaku gani hiyo? Nguo zangu ziko kwa kamba!"

Keteka, yule msimamizi wa fleti, akapanda ngazi na ndoo ya maji. Hii si utani sana, mtu ambaye hajawahi kuisikia anafikiria moto, na kwa fleti moto ni kitu cha kukimbiza watu. Halafu kiko yenyewe, ukivuta Latakia kwa briar mara kadhaa ile harufu inakaa, ukiweka Virginia kesho yake utaonja mzimu wa jana. Wekea Latakia kiko chake peke yake, gunzi ni sawa kabisa. Kuna wale wanatumia kiko cha meerschaum, jiwe jeupe ambalo halishiki harufu sana, na hapa tuko na bahati ya ujirani kwa sababu lilichimbwa Amboseli upande wa Sinya, na viko vya jina la Kiko vyenye alama ya tembo vilitengenezwa Arusha na bado unavikuta vya mkono wa pili kwa watu wa vitu vya zamani.

Inafaa nani: mtu ako na nafasi na hewa, mtu wa baridi ya Julai amevaa jaketi amekaa nje, mtu anapenda vitu vya moshi hata kwa chakula. Kama unajua unataka kuiweka miaka mingi, jua Latakia inapungua ukali na wakati, wengine wanapenda hivyo, wengine wanaona kama wameibiwa.

Aromatiki

Hizi ndio za vanila, cheri, ramu, wiski, karameli. Mara nyingi msingi ni Cavendish nyeusi, tumbaku iliyopikwa na mvuke na kukandamizwa mpaka ikawa laini na haina ukali, halafu inapakwa manukato juu. Captain Black na Borkum Riff ndio majina utakutana nayo haraka, na Mac Baren wa Denmark wana zao nyingi.

Kopo likifunguka: bingwa. Hakuna inayokaribia. Unataka kuila na kijiko.

Mdomoni: hapa ndio lile neno langu kuhusu kopo kudanganya linasimama. Ile keki uliyoinusa hufiki nayo mdomoni, unapata utamu kwa mdomo wa mrija, kivuli cha vanila, na nyuma yake tumbaku iliyotulia. Wale wa kukemea aromatiki wanasema basi haina ladha, mimi sikubali kabisa. Iko na ladha ndogo, na iliyotengenezwa vizuri, hasa zile za Kidenmark zenye Virginia nzuri chini, inakupa kitu laini ambacho ukivuta polepole unakisikia. Mbaya ni sharubati iliyomwagiwa majani.

Moto na ulimi: ngumu kuliko watu wanavyodhani. Nyingi zimetiwa kitu kinaitwa propilini glikoli kinachozuia zisikauke, kwa hivyo hata ukiiacha kwa gazeti usiku mzima asubuhi bado inanata. Unyevu ukikutana na moto ni mvuke, na mvuke unachoma ulimi kama sukari ya Virginia tu. Inazima, unawasha, unapuliza kwa nguvu isizime, inachoma zaidi, chini ya bakuli inaanza kugugumia maji. Kaa na waya wa kusafisha kiko karibu uupitishe kwa mrija katikati ya bakuli. Jaza nyepesi kuliko kawaida. Inachekesha kwamba hii ndio tunawapa wanaoanza.

Nguvu: ya chini mara nyingi. Si sufuri.

Majirani na kiko: majirani watakupenda, ama angalau hawataita keteka. Watu wanapita wanauliza unavuta nini inanukia hivyo. Moshi bado ni moshi lakini, mtoto akiwa kwa hiyo nyumba vanila haiondoi sumu. Kiko inabaki na harufu ya cheri siku nyingi, karibu kama Latakia kwa upande wake, kwa hivyo hapa pia kiko chake.

Inafaa nani: mtu anavuta mbele ya watu na anajali pua zao, mtu anavuta mara moja moja na hataki tumbaku ikauke kopo likikaa, mtu hataki nikotini nyingi.

Mambo mawili ya mfuko na ya sheria

Haraka tu. Kopo la kawaida ni gramu 50, na bakuli la wastani linakula gramu 2 ama 3 hivi, kwa hivyo piga hesabu ya bei kwa bakuli badala ya bei ya kopo, utaona ile ya bei juu ukiivuta wikendi peke yake inakaa kuliko pakiti ya bei rahisi unayovuta kila siku. Kopo halali hapa linakuwa na stempu ya ushuru na onyo la afya, ukipata halina hata moja jiulize limepita wapi. Likifunguliwa hamishia mtungi wa kioo wenye kifuniko cha kubana, ile Januari na Februari yetu inakausha tumbaku mbio, na mvua za masika zikija zinairudishia unyevu hujauomba.

Na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta mahali pa umma, kwa ofisi, kwa hoteli, kwa matatu, hata ngazi ya fleti ni ya watu wote. Kiko bakuli moja linaenda dakika arobaini ama zaidi, si kitu cha kumaliza ukisimama kwa kile kibanda cha wavutaji mjini katikati ya watu wa sigara wanaokuangalia kama umetoka sinema ya zamani. Ndio maana nilisema nyumba inachagua tumbaku. Kwa Nairobi mahali pako pa kuvuta pameshakukatia nusu ya hizi aina kabla hata unuse kopo.

Sasa wewe uko wapi

Uko fleti, balkoni imebanana, majirani wanaanika nguo: aromatiki ama Virginia. Kama ladha inakuwasha kuliko harufu ya chumba, Virginia, na uikaushe.

Uko na uwanja, Rongai, Kitengela, Ngong huko juu kwenye baridi: ya Kiingereza haina mahali pazuri kuliko hapo, jioni, baada ya chakula. Na kama wageni watakuja, ivute wakishaenda.

Ndio unaanza na hujui hata kujaza: Burley kwa kiko cha gunzi, baada ya kula, nusu bakuli. Najua utaambiwa aromatiki, na si mbaya ukipenda harufu, lakini utahitaji waya na subira ambayo bado huna.

Umevuta sigara miaka na unataka kuhamia kiko ukitafuta ile nguvu: Burley itakupa, ingawa jihadhari na kile kifua chako kilichozoea kumeza, moshi wa kiko haumezwi, na kubadilisha chombo si kuacha. Kama unataka kuacha kabisa, ongea na daktari, hapa si mahali pake.

Ulimi wako unaungua kila mara na umeshapunguza mwendo: ya Kiingereza ama Burley kwa muda, Virginia utairudia ulimi ukipona.

Umevuta aromatiki mwaka mzima na umeanza kuboeka: usirukie Nightcap. Pitia Virginia yenye Perique kidogo, ama Early Morning Pipe, ukiwa na kiko kingine safi, la sivyo utaonja cheri ndani ya kila kitu na useme zote ni sawa.

Unanunulia mzee zawadi, baba ama anko, na hujui anavuta nini: muulize mama koti lake linanukia nini. Akisema vanila unajua, akisema moshi unajua, akisema tumbaku tu, chukua Burley ama Virginia isiyo na maringo, umalizie na pakiti ya waya za kusafishia, hizo hakuna mzee anarudisha.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, tafuta mwenye nazo akugawie bakuli bakuli kwa karatasi, wasee wa kiko hawana uchoyo na hiyo, uvute moja Jumamosi na nyingine Jumapili, saa ile ile, kiko cha gunzi kila moja na chake, uandike jina kwa kalamu chini ya gunzi ndio usichanganye.